Dinah Hatwangi

Kuna neno moja ambalo ukilisikia likitoka kinywani mwa mtu anayesema anampenda binti yako, mzuie mlangoni mpaka alirudishe. Neno lenyewe ni "jikaze". Ni neno dogo, hata kanisani linasemwa. Lakini mimi Lydia, mamake Dinah, nimeliona likimlaza mwanangu kitandani, na nusura limnyang'anye mume. Ndiyo maana nakuandikia, wewe mama mwenzangu, na wewe binti unayependwa na kijana ambaye mamake bado hajakupenda.

Dinah aliugua homa kali mwaka ule maji ya Tana yalipoingia mpaka madukani. Homa ikaisha, yeye hakurudi. Nasema hakurudi kwa sababu yule msichana aliyekuwa akivuka mto na mkungu wa ndizi kichwani huku anaimba sikumwona tena. Alikuwa analala, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akifua nguo leo, kesho hawezi kushika kitana. Mwanga unamuumiza macho, miguu inamwaka moto, anaanza kusema kitu na katikati maneno yanampotea. Tulipima malaria, hakuna. Tulipima damu, ipo ya kutosha. Tulipima na lile ambalo majirani walikuwa wanalinong'ona, hakuna. Wakasema ni jini. Wakasema ni mapenzi. Halafu wote wakakubaliana kuwa ni uvivu.

Mwishowe daktari mmoja huko Malindi, mama mpole, alimwuliza Dinah maswali mengi kuliko wote waliotangulia, akatuambia, "Huu unaitwa uchovu sugu. Si uchovu wa kazi, haumalizwi na usingizi. Dawa ya kuuondoa sina. Ajifunze kupumzika kabla nguvu hazijaisha. Akijilazimisha leo, atalipa siku nyingi."

Njiani nilikuwa nalia. Dinah akaniambia, "Mama, nyamaza. Ugonjwa wangu una jina. Sasa atakayeniita mvivu nitamtajia."

Hapa Kulesa kila mtu analima, na asiyelima lazima ajieleze. Dinah hakujieleza. Alimwomba mjomba wake Danson amjengee dungu katikati ya shamba letu la mpunga, kile kitanda cha miti kinachosimama juu ya nguzo, mtu akae huko awinge ndege mpunga unapokomaa. Wenzake huwinga kwa kukimbia kwenye matope na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Yeye alifunga kamba kutoka dunguni hadi kila pembe ya shamba, kila kamba na makopo yake. Akalala chali, leso usoni, ncha za kamba zote karibu na mkono. Ndege wakitua, anavuta, makopo yanalia, wanaruka. Majirani wakaona, wakaunganisha na mashamba yao. Mwanangu alilinda mpunga wa nusu ya ukingo ule akiwa amelala, na bado watu walipita njiani wakiniambia, "Mama Dinah, binti yako amelala tena."

Ndivyo Ngala alivyomkuta. Yeye ni kijana wa Tarasaa, wa wale Wagiriama waliohamia huku zamani, na anaendesha mashine ya kukoboa mpunga pale kituoni. Alikuja kutafuta wakulima wa kumletea mpunga. Akaona msichana kalala juu ya dungu, na ndege wanashuka upande wa mto kama mvua.

"Dada! Ndege wanakumalizia shamba!"

Dinah hata leso hakuiondoa. Alivuta kamba moja, ile ile ya upande wa mto, ndege wote wakaruka.

"Niliwasikia kabla yako," akasema. "Na wewe nilikusikia tangu kwenye mfereji. Unakanyaga kama ng'ombe."

Ngala alisimama pale na viatu vyake vya matope, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba, akamtazama mtu asiyemtazama. Alirudi kesho yake. Akarudi tena. Mashine ya Tarasaa ikawa inafungwa mapema, na watu wakalalamika.

Mimi nilimkataa. Si kwa ubaya wake, maana alikuwa na adabu na alijua kunyamaza Dinah anapotaka kimya. Nilimkataa kwa hofu. Mama wa mtoto mgonjwa halali. Nilikuwa najiuliza, huyu siku akichoka na mtu anayechoka, atanirudishia mwanangu katika hali gani? Dinah akawa ananiambia, "Mama, usiniangalie hivyo. Mwili umeninyima mengi. Kupenda haujaninyima."

Basi wakaamua kuoana, na hapo ndipo alipoingia Mbodze, mamake Ngala. Alituma neno kwamba katika nyumba yao hakuna mke aliyeingia bila kutwanga. Wanawake wa upande wa mume huja na mpunga wao, bibi harusi anautwanga mbele ya macho yao, anapika, wanakula, ndipo siku ya kanisani inatajwa. Watakuja Jumamosi.

Alhamisi Ngala alipanda dunguni. Mimi nilikuwa chini kivulini na kopo la uji. Sikujificha, walijua nipo.

"Kina mama wanakuja Jumamosi," akasema.

"Waje."

"Nimefikiria jambo, Dinah. Kuanzia sasa usifanye kitu chochote. Usipike, usifue, hata maji ya kuoga nitakuletea mimi. Ujiwekee nguvu. Jumamosi utwange kidogo waone. Wakishaondoka, lala hata mwezi mzima, nani atakuuliza?"

Kamba ikavutwa. Makopo yakalia mbali.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Ungo mmoja."

"Ngala, wewe ulishika mchi lini?"

"Mimi mwanamume."

"Ndiyo maana unaona ungo mmoja ni kidogo."

Ngala akacheka. Alicheka peke yake.

"Siku moja tu, mpenzi. Jikaze siku moja, kwa ajili yangu."

Uji ulinimwagikia vidoleni. Huko juu nikasikia miti inalia. Dinah ameinuka, amekaa.

"Nilikusimulia habari ya sikukuu ya kwaya Garsen?"

"Ulinisimulia."

"Nisimulie wewe. Nisikie kama ulikuwa unasikiliza."

"Ulicheza mpaka ukaanguka."

"Sikuanguka! Ningeanguka wangenihurumia. Nilicheza mpaka mwisho, nikapigiwa makofi, nikapanda gari nacheka na wenzangu. Nilianguka kesho yake nyumbani, ambako hakuna aliyekuwa ananitazama ila mama. Alinilisha kwa kijiko, Ngala. Mtu mzima mimi. Nilikuwa sitaki hata akohoe mle chumbani, sauti ilikuwa inanipasua kichwa. Na unajua kiongozi wa kwaya aliniambia nini asubuhi ile? Jikaze, ni siku moja tu."

Ndege wakatua mahali fulani, hakuvuta.

"Sasa mimi nifanye nini?" Ngala akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama ni mama."

"Mwambie, Dinah hatwangi."

"Nitamwambiaje hivyo?"

"Hivyo hivyo. Ni maneno mawili. Dinah hatwangi."

"Ataniuliza kwa nini."

"Mweleze. Mdomo unao. Nimeuonja, hauna kasoro."

Nikatazama miguu yangu.

"Atasema tusioane."

"Akisema hivyo, wewe utasema nini?"

Ngala hakujibu. Wewe binti unayesoma, hapo ndipo pa kusikiliza vizuri, pale mwanamume anapokosa jibu.

"Nakupenda," akasema baadaye.

"Najua. Lakini umenitengenezea siku moja, na mimi nina siku zote zinazofuata. Utamwoa yule wa Jumamosi, mwenye mchi mkononi. Jumapili utaamka na mimi. Utakuwa unanitazama unamtafuta yule. Sitaki kuishi nikimwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi nikijifanya."

"Unanifukuza?"

"Nakutuma. Ukimwambia, rudi. Ukishindwa, usirudi."

Alishuka. Alinipita bila kusema kwaheri, na Ngala hakuwa kijana wa kumpita mtu hivyo. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Alipofika kwenye mfereji aligeuka, akatazama juu, na nikajua kwamba Dinah naye anamtazama, maana hakuna mkono ulioinuka wala kamba iliyovutwa. Walitazamana hivyo mpaka nikaona haya mimi. Kisha akaenda.

Ndipo Dinah akazikumbatia kamba zote akazivuta pamoja. Makopo ya mashamba yote yakalia kwa mara moja. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

"Dinah, mwanangu, nipande?"

"Usipande, mama. Na usiniangalie. Nipe uji tu."

Ijumaa simu ya Dinah haikulia. Aliilaza kifudifudi kwenye mkeka, lakini kila ilipotetemeka kwa ujumbe wa watu wengine niliona kidole kinaruka. Ngala alikuwa amesahau kofia yake dunguni, kofia ya kitambaa imejaa vumbi la pumba. Nikaichukua niikung'ute.

"Iwache."

"Ina uchafu, mwanangu."

"Uwache uchafu wake."

Nikaona nafasi ya kusema langu. "Nilikuambia tangu mwanzo. Kijana asiyeweza kumjibu mamake..."

"Mama, usimtukane. Niliyekasirishwa ni mimi, na mimi sijamtukana."

Jumamosi, jua halijawa kali, tulisikia pikipiki. Ngala mbele, nyuma yake mamake na shangazi yake Jumwa wamebanana, na kikapu cha mpunga juu ya tangi. Nilipokiona kile kikapu nikaelewa. Kijana hakumwambia mamake.

Mbodze alishuka akijikung'uta leso mpya. Mwanamke mpana, mikono ya kazi. Tukaamkuana vizuri, nikawatandikia, nikawapa maji.

"Bibi harusi yuko wapi?" akauliza. "Au bado hakujakucha kwake?"

Jumwa akacheka. "Wifi, mwache. Si tunasikia huwinga ndege akiota?"

"Na mpunga hawaugusi, shangazi," sauti ya Dinah ikatoka ndani. "Hata nikiota wananiogopa."

Akatoka. Alivaa gauni lake la kijani, amejifunika leso kichwani kwa ajili ya mwanga, anatembea polepole akishika ukuta. Akawasalimia kwa heshima, akaketi kwenye mkeka, akaegemea. Ngala alikuwa amesimama kando ya pikipiki. Alimtazama mara moja tu, akainamisha kichwa, kama mwizi aliyeletwa kwa wenyewe.

Mbodze akausukuma ule mpunga mpaka kwenye miguu ya mwanangu. "Haya, mama. Kinu kiko wapi?"

Jumwa hakungoja jibu, akazunguka nyuma ya jiko. Mara tukasikia kelele za kuku, na Jumwa akarudi mbio, manyoya yamemganda kichwani. "Kuku ameatamia ndani ya kinu! Karibu anitoe jicho!"

Nilitaka ardhi inimeze. Dinah hakutaka kumezwa na chochote.

"Mama," akamwambia Mbodze, "kwako kinu kipo?"

"Kipo. Cha mama mkwe wangu."

"Ngala aliniambia umepanda mshubiri ndani yake."

Mbodze akamgeukia mwanawe. Ngala akaanza kukagua tairi.

"Ni kweli wifi," Jumwa akasema, akijitoa manyoya. "Tena umestawi."

"Mpunga wako unakobolewa na nani, mama?"

"Na mwanangu."

"Kwa mchi?"

"Kwa mashine, si unajua."

"Basi mimi nitamfuata mama mkwe wangu. Alivyofanya nitafanya. Dinah hatwangi."

Mbodze hakucheka. Aliikunjua mikono yake juu ya magoti, akaitazama kwanza. "Wewe una mdomo, na mdomo naupenda. Lakini sikuja kutafuta mchele. Nimekuja kuutazama mwili. Babake huyu alipooza. Nilimgeuza mimi, asubuhi na jioni, kwa mikono hii, mpaka siku aliyokufa. Nami sitaishi milele. Siku Ngala akilala hivyo, nani atamgeuza?"

Mimi mwenyewe, mama mwenzake, nilimwelewa. Hofu yake na yangu zilikuwa ndugu.

"Sitaweza kumgeuza," Dinah akasema. "Sikudanganyi. Nitamwita mtu amgeuze, na mimi nitalala pembeni yake nimshike mkono. Hilo naliweza hata siku yangu mbaya. Lakini niulize na mimi, mama. Siku ulipotwanga mbele ya mama mkwe wako, kile kinu kilikuambia mume atapooza?"

"Hakikuniambia."

"Na hata mimi hakikuniambia nitaugua. Nilikuwa natwanga kuliko wasichana wote wa hapa, uliza. Mwili wangu sasa ni kama simu ya zamani. Unaichaji usiku kucha, inasema imejaa, ukipiga mara moja inazima. Siwezi kuibadilisha. Najua tu dakika zake. Nikizimaliza kwa kukuonyesha, mwanao atakutana na simu iliyozima. Sasa mimi... mimi nataka..."

Neno lilikuwa limempotea. Alinyoosha mkono achukue kikombe cha maji, vidole vikashindwa kukishika, maji yakamwagika kwenye gauni. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Nimemaliza," akasema chini chini. "Si hasira, mama. Nimemaliza tu."

Nikamshika, nikamwingiza ndani, nikafunga pazia. Nilipotoka, Mbodze alikuwa anakitazama kile kikombe.

"Kwa kusema tu?"

"Kwa kusema tu, mkwe. Na kukaa wima."

Ngala akaja, akauchukua ule mpunga. "Naenda mashineni," akasema, akawasha pikipiki, akaondoka. Nikasema moyoni, nenda zako, na usirudi.

Tukabaki wanawake watatu. Jumwa akajinyoosha kwenye mkeka, akasinzia. Mbodze alikaa mlangoni, karibu na pazia. Yule kuku akaja na ugomvi wake, akaanza kupiga kelele chini ya dirisha la Dinah. Nikainuka nimfukuze. Mbodze alinitangulia, akavua kandambili moja akamrushia, kisha akarudi kukaa bila kunitazama.

Jua lilikuwa juu wakati Ngala aliporudi. Hatukumsikia. Alikuwa ameizima pikipiki tangu barabarani, anaisukuma kwa mikono kwenye ule mchanga, shati limemganda mgongoni. Alikumbuka kwamba kelele zinampasua Dinah kichwa. Nilimwona akija hivyo, na kitu fulani kifuani mwangu kikalegea, sikukipa ruhusa.

Akautua mchele mbele ya mlango, mweupe. Akafungua mdomo.

"Shh," Mbodze akamwambia. "Usimwamshe."

"Siko usingizini," sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba kama uzi. "Ngala, kofia yako iko hapa."

"Najua."

"Ndiyo uliyoifuata?"

"La."

"Basi sema."

Ngala alijifuta uso kwa mkono, vumbi la pumba likawa tope kwenye mashavu. Akamgeukia mamake.

"Mama, Dinah hatwangi."

"Sisikii," pazia likasema.

"Dinah hatwangi!" Mpita njia mmoja alisimama barabarani. "Hatwangi leo, hatwangi kesho. Nilijua tangu Alhamisi, nikakuogopa, mama, nikataka yeye aumie ili mimi nisiseme. Nilimwambia ajikaze. Neno hilo nimelirudisha, halitatoka tena kinywani mwangu. Ukimkataa, mimi nitakuja kuishi huku Kulesa, nivute kamba."

Hata Jumwa alikuwa ameamka. Mbodze alimtazama mwanawe muda mrefu, akaitazama ile pikipiki na alama ya tairi iliyokuja kwa kusukumwa kutoka barabarani.

"Tumesikia," akasema. "Hatuna uziwi. Na kupika je?"

Nyuma ya pazia Dinah alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu.

"Leo anapika aliyekoboa."

Jumwa akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo kwa leso, mabega yanaruka. Mbodze hakucheka, lakini alivuta miguu yake kando, njia ya kwenda jikoni ikawa wazi.

Ngala akanitazama. Mimi, niliyemkataa tangu siku ya kwanza. Nikainuka, nikampa sufuria.